Chungu na Bakuli: Kuyasoma Makumbusho ya Ngome ya Yesu, Mombasa

Watu huingia katika nyumba ya makumbusho kwa namna mbili. Wako wanaoingia kama mtu aingiavyo sokoni siku asiyokuwa na fedha: hupita upesi, hutupa macho huku na huku, kisha hutoka, na jioni wakiulizwa waliona nini, hujibu kwamba waliona vitu vingi. Wako wengine waingiao kama msomaji afunguavyo kitabu. Hawa hawatosheki na kuona. Hutaka kujua ni nani asemaye, asema nini, na ni lipi aliloliacha asiliseme. Insha hii imeandikwa kwa ajili ya hao wa pili, na kwa ajili ya wa kwanza pia, endapo watakubali kurudi mara nyingine.

Maana makumbusho ni kitabu, ijapokuwa kurasa zake ni mawe na vigae. Yana waandishi wake, nao ni watu waliochimba ardhini, wakachagua kitu hiki na kukiacha kile, wakaweka kimoja penye mwanga na kingine pembeni. Kitabu kikihakikiwa hakivunjiwi heshima. Huheshimiwa kwa kusomwa kwa makini. Kwa nia hiyo nataka kuyahakiki Makumbusho ya Ngome ya Yesu, mjini Mombasa, ambayo nimeyazuru mara nyingi, peke yangu na pamoja na wanafunzi.

Na tuanze na jengo lenyewe, kwa kuwa ndilo kubwa kuliko kila kitu kilichomo ndani yake. Wareno walianza kulijenga mwaka 1593, kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye zama zile alitawala na Ureno pia. Ramani yake ilichorwa na Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Ngome imesimama juu ya mwamba wa matumbawe penye mlango wa bandari ya kale, ikiyatazama maji ambayo kila chombo kilichotaka kuingia kililazimika kuyapita. Ina buruji nne, na atazamaye mchoro wake kutoka juu huona kama umbo la mtu aliyelala. Kwa karne tatu mtu huyo aliyelala hakupata usingizi. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walikuwa wamemlea na kumbatiza, aliwageukia, akamwua kapiteni wao na kuitwaa ngome. Mwaka uliofuata Wareno wakarudi. Mwaka 1698 Waarabu wa Oman wakawatoa. Mwaka 1728 Wareno wakaingia tena, wakatolewa mwaka 1729. Baadaye wakatawala Mazrui, mpaka Sayyid Said alipoitwaa mwaka 1837. Mwaka 1895 Waingereza wakaifanya kifungo. Mwaka 1958 wafungwa waliondolewa, na mwaka 1960 milango ikafunguliwa kwa ajili ya makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika ngome hii katika orodha ya urithi wa dunia.

Sifa ya kwanza ya makumbusho haya, basi, ni kwamba hayakujengewa nyumba ya kuigiza mambo ya kale. Mgeni akishika ukuta ameshika kitu kilichoshikwa na wote hao. Sijui mwalimu wa historia awezaye kufundisha kwa siku nzima jambo ambalo mkono hujifunza hapa kwa dakika moja.

Lakini sifa hiyo ndiyo iliyobeba hatari ya kwanza. Jiwe hudumu, mti huoza, neno hupeperuka. Kwa hiyo nyumba yoyote ya mambo ya kale, hata ikiwa na walinzi waadilifu kabisa, huelekea kuwasikiliza zaidi wale waliokuwa na uwezo wa kujenga kwa mawe. Juu ya lango la ngome kuna maandishi ya Kireno yaliyochongwa katika jiwe. Yanamsifu kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome hiyo mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Yanaeleza jinsi alivyoitengeneza ngome upya, alivyoilazimisha pwani ya Malindi imtii mfalme wake, alivyowaadhibu Pate na Siu hata kuzibomoa kuta zao, na alivyowaua viongozi wa Pemba. Kisha yanataja cheo na malipo aliyopewa kwa kazi hiyo.

Msomaji mwangalifu atasimama hapo kabla hajaingia ndani. Atajiuliza: watu wa Siu wangaliandika nini juu ya mwaka ule, kama jiwe lingalikuwa mikononi mwao? Jibu halimo katika jiwe. Hata hivyo jiwe lenyewe, bila kukusudia, limetoa ushahidi dhidi ya mwenyewe. Maana mtu hajisifu kwa kumtiisha asiyepigana. Kila jina la mji lililotajwa kwa kushindwa ni jina la mji uliokataa. Huu ndio ufunguo wa kwanza ninaokupa, msomaji: usiyadharau maneno ya mshindi, wala usiyameze, yageuze uone upande wa pili.

Ufunguo wa pili umo kinywani mwako mwenyewe. Wareno walituachia kuta hizi, lakini walituachia pia maneno machache. Twasema meza, bendera, leso, karata na mvinyo, na hatukumbuki kwamba tumeyapokea kutoka kwao. Neno gereza nalo husemwa kuwa limetokana na neno lao la kanisa. Ndani ya ngome palikuwa na kanisa, na baadaye ngome ikawa mahali pa kufungia watu. Basi neno likahama kutoka kwenye sala likaenda kwenye minyororo. Tazama pia vioo vinavyofunika vigae: kasha nalo ni neno la Kireno. Kwa hiyo ukisema kwamba umekiona kigae ndani ya kasha, umekwisha kuonyesha vitu viwili vya kale, kimoja kwa kidole na kingine kwa ulimi. Watu wa pwani walichukua kwa wageni waliyoyataka, wakayatia ngeli zao, yakawa yao. Jambo hili tulishike, kwani tutalihitaji mbele.

Katika sehemu zote za makumbusho, habari inayosimuliwa vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya merikebu iliyozama. Mwezi wa Machi mwaka 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome, na mazingira hayo yakaendelea hata Desemba 1698, yaani miezi 33. Merikebu ya vita ya Wareno, Santo António de Tanná, ilikuwa miongoni mwa zilizoletwa kuwaokoa waliozingirwa. Ikazama mbele ya ngome mwaka 1697. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi wataalamu waliichimbua chini ya maji, na vitu vilivyotolewa vikawekwa hapa: vifaa vya mabaharia, vyombo vya udongo, vyombo vya kaure. Mgeni huviona vitu hivyo, kisha akitoka nje ayatazama maji yaleyale yaliyovimeza. Makumbusho machache sana duniani huweza kumweka mgeni kati ya kitu na mahali kilipopotea, kwa hatua chache tu.

Hata hivyo, katika habari hiyo kuna jambo lililonikaa moyoni kuliko mizinga yote. Katikati ya mwaka 1697 maradhi yaliwaua walinzi wa Kireno karibu wote. Ngome haikutekwa siku zile, kwa sababu ililindwa na Bwana Daud, mwana wa ukoo wa kifalme wa Faza, pamoja na jamaa zake, wanaume wachache wa Kiafrika, na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Fikiri jambo hilo. Mwaka 1587 Wareno walikuwa wameuangamiza mji wa Faza kwa upanga; na karne moja baadaye mtu wa Faza ndiye aliyewalindia kuta zao. Historia ya pwani haiendi katika mstari ulionyooka wa wageni upande huu na wenyeji upande ule. Lakini nawauliza wanafunzi wangu swali jingine: wale wanawake 50 walikuwa nani? Jina la kapiteni limechongwa langoni. Jina la merikebu twalijua. Wanawake waliosimama juu ya kuta zilezile, usiku na mchana, wamebaki tarakimu.

Nilikuwa nikiliwaza jambo hilo siku moja, nikiwa na kundi la wanafunzi mbele ya vyombo vilivyochimbuliwa katika miji ya kale ya pwani. Humo mna vitu kutoka Gedi, Manda na Ungwana. Wanafunzi walijazana penye kaure za Uchina, na si ajabu: rangi yake ya samawati bado inang'aa kana kwamba mfinyanzi aliiweka jana. Msichana mmoja hakwenda nao. Alisimama mbele ya chungu cha udongo wa kawaida, kisichong'aa, akaniuliza, "Mwalimu, ni nani aliyekuwa akipika ndani ya hiki?" Sikuwa na jina la kumpa. Lakini tangu siku ile naona kwamba swali lake ndilo kipimo cha kuyapimia makumbusho yote ya pwani yetu.

Sababu yake ni hii. Wachimbuaji wa kwanza walipofanya kazi katika pwani hii, walihitaji kujua umri wa kuta walizozifukua. Bwana James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gedi mwaka 1948, ndiye aliyechimba pia hapa ngomeni na kuyaanzisha makumbusho haya. Alikuwa mtu wa bidii kubwa, na deni letu kwake halilipiki. Yeye na wenziwe walitegemea vyombo vya kigeni, kwa kuwa umri wa kaure ya Uchina hujulikana. Ikiwa kigae chake kimelala chini ya sakafu, basi sakafu ilijengwa baada yake. Njia hiyo ni ya akili na bado yatumika. Lakini kitu kinachotumiwa kama saa kina hatari ya kudhaniwa kuwa ndicho mwenye nyumba. Kitabu cha Kirkman cha mwaka 1954 juu ya msikiti mkuu wa Gedi, katika jina lake tu, kiliuita Gedi mji wa Waarabu. Hayo hayakuwa mawazo yake peke yake; yalikuwa mawazo ya wakati wake. Bakuli lilitoka ng'ambo. Basi ikasemwa kwamba aliyelila ametoka ng'ambo, na aliyejenga nyumba ametoka ng'ambo, na mji wenyewe umeletwa kwa jahazi.

Chungu kilikataa habari hiyo, lakini chungu hakikuulizwa mapema. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine tena, mpaka akafika kwenye alama za nguzo za miti, msikiti mdogo wa karne ya 8. Mji ulianza kwa miti na udongo kama vijiji vingine vya Kiafrika, ukakua hatua kwa hatua hata kufikia mawe. Na katika tabaka zile za chini kabisa, vyombo vilivyo vingi ni vile vilivyofinyangwa na wenyeji, sawa na vyombo vya vijiji vya bara ya karibu. Vya kigeni ni sehemu ndogo tu. Mwaka 2023 wataalamu kadha wa kadha, akiwamo Mkenya Chapurukha Kusimba, walitoa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Walipata kwamba wengi wao walikuwa na asili mbili zilizochanganyika: moja ya Afrika, aghalabu zaidi ya nusu, iliyotokana hasa na kina mama, nyingine ya Asia, hasa Uajemi, iliyotokana hasa na kina baba.

Basi jibu la swali la msichana yule limekaribia. Aliyekuwa akipika alikuwa bibi yetu. Ufinyanzi pwani ni kazi ya wanawake tangu zamani, na mikono iliyokifinyanga chungu kile yaelekea ilikuwa ya mwanamke pia. Bakuli la kaure latuambia habari za mume aliyefanya biashara na ng'ambo. Chungu chatuambia habari za mke aliyekuwapo, na lugha aliyowafundishia watoto. Lugha hiyo ndiyo hii ninayoandika na wewe unasoma. Imepokea maneno ya Kiarabu, Kiajemi, Kihindi na Kireno, kama nyumba ipokeavyo bakuli la mgeni. Lakini mafiga yake ni ya Kibantu.

Huenda msomaji akauliza: Je, wataka kaure zifichwe na vyungu vijaze makasha? La, hasha. Kuificha kaure kungekuwa kosa lilelile likiwa limegeuzwa kichwa chini miguu juu. Mtu wa pwani akikana upande wa baba hasemi kweli kuliko aliyekana upande wa mama. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa; hawakusema asili lazima iwe moja. Nitakacho ni kwamba vitu hivi viwili visomwe pamoja, kama vilivyokuwa pamoja juu ya mkeka mmoja wakati wa chakula. Bakuli halina maana bila wali uliopikwa chunguni.

Kuna kimya kingine ambacho mgeni yapasa akisikilize mwenyewe, kwa kuwa hakina kigae cha kukionyesha. Kuanzia mwaka 1895 hata 1958 ngome hii ilikuwa gereza la serikali ya kikoloni. Hiyo ni miaka 63. Watu waliolala ndani ya kuta hizi kwa lazima katika miaka hiyo wako karibu nasi kuliko kapiteni yeyote wa Kireno. Ni rika la babu zetu na baba zao. Karne ya 17 yatusimulia kwa mizinga na kaure. Wafungwa hawakuwa na kitu cha kuacha. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Penye ukuta wa buruji moja mabaharia au askari wa Kireno walichora merikebu kwa makaa na udongo mwekundu, na michoro hiyo imehifadhiwa kwa heshima. Hapana shaka wachoraji wale walikuwa watu wadogo waliochoka na kutamani kwao, na kwa sababu hiyo nawapenda kuliko kapiteni wa langoni. Lakini nikiitazama michoro yao nawaza juu ya wafungwa waliokuja baadaye, ambao makaa waliyonayo yalikuwa ya jikoni mwa gereza, na walichokisema kilibaki katika masimulizi ya nyumbani. Masimulizi hayo hayaozi upesi kama mti, lakini hufa na mwenyewe. Mwanafunzi mwenye mzee nyumbani ana makumbusho ambayo hayajafunguliwa.

Hata neno la watu wakubwa halikai vema ndani ya kasha. Wakati Mazrui walipokuwa wakishindana na Sayyid Said, mji huu ulikuwa na Muyaka bin Haji, mshairi aliyeupigania kwa ulimi. Mashairi yake yalihifadhiwa vifuani mwa watu, yakaandikwa baadaye kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940, miaka 100 hivi baada ya kufa kwake. Mzinga wa zama zake waweza kuuona na kuugusa ngomeni, lakini haulii tena. Mashairi hayagusiki, na bado yanalia. Kwa hiyo atakaye kuijua Mombasa ya wakati ule aingie ngomeni na diwani mkononi. Kimoja bila kingine ni nusu ya habari.

Sasa nitoe hukumu yangu, kwani mhakiki asiyehukumu ni kama hakimu aliyelala barazani. Makumbusho ya Ngome ya Yesu ni kazi njema na ya lazima. Yameokoa mahali ambapo pangaliweza kubomoka, yamekusanya vitu ambavyo vingaliuzwa au kutupwa, na kwa habari ya merikebu ile yamefanya jambo ambalo nchi kubwa zingalijivunia. Udhaifu wake ni udhaifu wa ngome: imejengwa na watawala, ikapigwa vita na watawala, na kwa tabia yake huwakumbuka watawala. Udhaifu huo haumalizwi na walinzi wa makumbusho peke yao. Humalizwa na mgeni anayeingia akiwa na maswali.

Basi, ewe mwanafunzi, utakapokwenda Mombasa, usianze ngomeni. Anza katika vichochoro vya Mji wa Kale, usikie watu wakiamkiana, usikie majina ya vyakula. Kisha ingia langoni, usome jiwe la mshindi, uligeuze. Tazama merikebu na uwahesabu wale wanawake 50. Nenda kwenye kaure, uzifurahie, maana ni nzuri. Lakini kabla hujatoka, simama mbele ya chungu, hata kama wenzako wanakuita, na uulize ni nani aliyekuwa akipika ndani yake. Mimi nilipewa swali hilo na mtoto wa shule, na sijapata katika kitabu chochote cha mambo ya kale swali lililo bora kuliko hilo.